Usingizi wa Waoka Mikate

Tangu gari lilipotoka mjini, Hamira alikuwa ameketi lakini hajatulia. Makalio yake yalikuwa juu ya kreti la mikate lililopinduliwa nyuma ya gari, ndiyo, lakini vidole vilipiga ngoma kwenye bati la ubavuni, na shingo iligeuka kila mara kutazama walikotoka, kama mtu aliyekumbuka njiani kwamba ameacha jiko linawaka.

"Wewe bwana," Mizani akamwambia, "hilo kreti limekukosea nini? Hebu lipumzishe."

"Nimetulia."

"Umetulia! Hata mikate yenyewe ikipakiwa humu haitikisiki hivyo, na Dereva tunamjua anavyopenda mashimo."

"Nimesikia!" Dereva akapaza sauti kutoka mbele. "Shimo linalofuata nitalipitia kwa heshima yako, dada."

Akalipitia kweli. Mizani akarushwa juu, akarudi chini, akamwita Dereva kwa majina ambayo mama yake mzazi hakumpa. Wote wakacheka. Hamira naye alicheka, lakini kwa kuchelewa, kama mtu anayeitikia salamu ya jirani huku anatafuta kitu mfukoni.

Jina la Hamira hakupewa bure. Yeye ndiye aliyekuwa mkanda unga wa kiwanda kidogo cha mikate walikofanya kazi wote wanne, na mwili wake ulikuwa wa aina ileile ya kitu alichokitia ndani ya unga: uuweke mahali penye joto kidogo tu, utaanza kupanda. Mizani alikuwa akikata donge vipande na kuvipima kabla havijaingia motoni. Unga aliupima kwa haki, maneno aliyamwaga bila kupima. Dereva aliisambaza mikate madukani kabla watu hawajaamka. Na aliyeketi mbele kando ya Dereva, kwa sababu mabega yake hayakuwa na mahali pengine pa kukaa, alikuwa Makaa, mwokaji, bwana wa tanuri, kaka yake mke wa Hamira.

Likizo walipewa na tanuri. Lilipasuka. Mafundi walikuja, wakalitazama kwa huruma, wakasema libomolewe na kujengwa upya, na tajiri wao, ambaye hakuwahi kumpa mtu likizo kwa hiari, akawaambia waende wakapumzike. Kazi ya ujenzi ilikuwa imekwisha. Kesho jioni moto ungewashwa, na maisha yangerudi kule kule: kuingia kazini jua likizama, kutoka mji ukiamka.

Kwa hiyo jioni ilikuwa ni hii moja tu.

Hamira alikuwa na binti, waliyemwita Punje. Punje alikuwa na umri wa kutosha kufunga viatu vyake mwenyewe, na katika maisha yake yote baba yake hajawahi kumlaza. Si kwa kutotaka. Wakati mtoto anaogeshwa jioni, baba anavaa shati la kazi. Wakati mtoto anaamka, baba anaingia mlangoni na unga kwenye nyusi. Likizo ilipofika, Punje na mama yake walikuwa kwa bibi, na gari lao lilikuwa linarudi leo. Jana mtoto alimpigia simu.

"Nitakulaza mimi," Hamira alimwambia.

"Mpaka nilale kabisa?"

"Mpaka ulale kabisa."

"Halafu usiende kazini."

"Siendi."

"Sema haki ya Mungu."

Akasema. Kisha simu ikachukuliwa na mke wake. "Nimesikia unaapa," alisema. "Na nimesikia pia mnakwenda mlimani. Sawa. Lakini ukichelewa, utamweleza mwenyewe. Mimi sitakusaidia hata neno."

Mtu angeuliza: basi kwa nini alikwenda? Kwa sababu siku nzima ndani ya nyumba tupu, akisubiri jioni, ingemmaliza. Afadhali mlima. Mlima ungekula saa zake. Na Dereva, aliyeuona mlima ule kila alfajiri kupitia kioo cha gari, alikuwa ameshawabembeleza mpaka amechosha. "Twende asubuhi, tule juu, tushuke," alisema. "Alasiri uko kwako, umeshaoga, unanukia kama bwana harusi."

Waliliacha gari chini, karibu na kibanda cha askari wa msitu, wakaanza kupanda.

Njia ilikuwa ya kawaida, pana mwanzoni, kisha nyembamba, kisha ya mizizi na mawe. Hamira alitangulia. Kila alipofika kwenye kona aliwangoja. Kila alipowangoja alichoka kungoja, akashuka kuwafuata. Na alipowafikia aliwakemea, akapanda tena. Ukipiga hesabu ya haki, Hamira aliupanda mlima ule mara mbili kabla wenzake hawajaupanda mara moja.

"Twendeni, twendeni! Mnatembea kama mnafuata jeneza."

"Shemeji," Makaa akasema bila kuinua kichwa, kwa ile sauti yake ya taratibu, "mlima hauokwi. Ukichelewa hauungui."

"Wewe unasema hivyo kwa sababu hakuna anayekusubiri."

"Anayekusubiri wewe ni mtoto wa dada yangu. Nilimbeba kabla yako. Wewe ulikuwa umezama kwenye unga mpaka viwikoni siku aliyozaliwa, nikakuletea habari mimi."

Neno hilo lilimchoma Hamira, kwa kuwa lilikuwa kweli na kwa kuwa Makaa hakulisema kwa ubaya. Akageuka, akapanda kwa hasira, na hasira ikamfikisha kileleni kabla ya wote.

Kilele kilikuwa jabali pana, lenye joto la jua, lililolala kama meza kubwa ya kukandia. Chini yao mji ulionekana wote kwa mara moja. Dereva akaanza kutafuta njia zake za kila alfajiri kwa kidole, hii ya soko, hii ya hospitali, hii ya yule mwenye duka anayelalamika mkate umepoa, na akashangaa jinsi kazi ya maisha yake ilivyotosha chini ya kiganja kimoja. Hamira alitafuta paa la nyumba yake. Akaliona, au akajidanganya ameliona. Akajiuliza kama gari la kutoka kwa bibi limeshafika.

Mizani akafungua kikapu: mayai ya kuchemsha, ndizi, chupa ya chai, na mkate. Wote wakautazama ule mkate.

"Nani kanunua hiki kitu?" Makaa akauliza.

"Ulitaka nioke kwenye kiganja? Tanuri lako limevunjika, kaka. Nimenunua kwa wale wa ng'ambo ya barabara."

Mkate ukapita mkono kwa mkono kama ushahidi mahakamani. Hamira akaubonyeza kwa kidole gumba. "Hawakungoja uumuke. Wana haraka hawa."

"Wewe ndiye unayesema watu wana haraka?" Mizani akamdaka. "Lakini kweli, na vipande havilingani. Aliyekata hana macho."

"Moto ulikuwa mkali juu, chini hakuna kitu," Makaa akatoa hukumu.

"Basi na mimi niseme la kwangu," Dereva akasema. "Umesafirishwa vibaya sana."

Mizani ndiye aliyekuja nao kikapuni, akampiga kwa ganda la ndizi. Wakaula wote mpaka chembe za mwisho, wakiutukana kila tonge.

Na hapo ndipo kosa lilipofanyika, kosa ambalo kundi jingine la watu lisingelifanya.

Jua lilikuwa utosini. Kwa watu wa kawaida huo ni wakati wa kazi. Kwa waoka mikate ndio usiku wa manane. Kwa miaka mingi miili yao ilikuwa imefundishwa jambo moja: jua likisimama juu ya kichwa, lala. Likizo haikuwa imeifundisha kitu kingine. Shibe ikashuka, joto la jabali likapanda, na macho ya Dereva yakaanza kufunga duka katikati ya sentensi.

"Kidogo tu," Makaa akasema, tayari amelala chali, kofia usoni.

"Msilale," Hamira akasema. "Tushuke."

"Kidogo, shemeji. Ukishuka na mtu mwenye usingizi utamwokota vipande."

Mizani alitoa simu. "Basi niweke kengele."

Kule kazini, donge linapoachwa liumuke, wote hujitupa juu ya magunia ya unga kulala kidogo. Hamira hulala pia, shavu limeegemea sanduku la mbao lenye donge. Na wakati donge linapokuwa tayari, si kabla wala si baada, Hamira hufumbua macho. Hakuna anayemwamsha. Hakuna anayejua anaamshwa na nini. Kisha yeye ndiye anayewaamsha wengine, kwa teke dogo la kirafiki. Hajawahi kukosea, na hilo ndilo jambo aliloringa nalo kuliko yote duniani, kuliko hata misuli yake.

"Kengele ya nini?" akamwambia Mizani, kifua mbele. "Tangu lini mimi nikaamshwa na simu? Usingizi wangu una mlango, na ufunguo ninao mimi. Lala. Nitakuamsha."

"Una hakika? Leo una ahadi yako."

"Ndiyo maana nakwambia. Kama siku za kawaida sikosei, leo nitakosea?"

Mizani akarudisha simu mfukoni. Hamira akaketi kuwalinda. Alipanga kuketi. Kisha akaona kuketi ni kama kuwaonyesha hajiamini, akajinyoosha, akaweka shavu juu ya jabali lenye joto. Jabali lilikuwa zuri. Lilikosa kitu kimoja tu: donge.

Kilichomwamsha ni tone la maji puani.

Akafumbua macho akaona weupe. Mji ulikuwa umeondoka. Ukungu ulikuwa umepanda kimyakimya na kuumeza, na jua lililobaki lilikuwa doa la rangi ya siagi, chini sana, upande ambao halikupaswa kuwa. Jabali lilikuwa baridi. Kando yake wenzake watatu walikuwa wakikoroma kwa amani ya watu wanaojua kwamba yupo anayewaangalia.

Hamira hakupiga teke la kirafiki. Alipiga kelele.

Mizani akakurupuka, akatazama simu, akaitazama mara ya pili kama aliyesomewa jina la marehemu asiyemtarajia. "Mungu wangu. Alasiri yote imekwenda."

"Kwa nini hukuniamsha?" Hamira akafoka.

"Mimi? Mimi nikuamshe wewe?" Mizani akasimama, mikono kiunoni. "Mwenye ufunguo! Haya, tuonyeshe ufunguo wako. Uko wapi? Umeangukia kwenye kichaka?"

"Acheni," Makaa akasema. Alikuwa ameshaanza kufunga kikapu. "Kuna mwanga bado. Tukishuka bila maneno tutafika."

Wakashuka. Lakini Hamira hakuwa na uwezo wa kushuka bila maneno, wala wa kushuka tu. Kichwani mwake Punje alikuwa ameshafika nyumbani, ameshavua viatu, ameshauliza baba yuko wapi. Sasa anakula. Sasa maji yake ya kuoga yanachemshwa. Kila jiwe alilolikanyaga lilikuwa dakika aliyoibiwa, na mwizi alikuwa yeye mwenyewe, na hilo ndilo lililomtia wazimu. Angekuwa na mtu wa kumpiga, angempiga, roho ingetulia.

Njia ilikuwa inazunguka ubavu wa mlima kwa starehe zake. Hamira akasimama kwenye kona penye jiwe kubwa, akachungulia mteremko wa majani. "Tukate hapa. Njia ileile inapita hapo chini. Tunaokoa mzunguko mzima."

"Sipapendi," Makaa akasema.

"Huhitaji kupapenda, shuka tu. Dereva! Wewe si bingwa wa mashimo?"

Dereva, ambaye hajawahi kukataa mzaha hata siku moja, akashuka akicheka. Alichukua hatua chache nzuri. Kisha mguu wake ukaingia kati ya mizizi, mwili ukaendelea na safari, mguu ukabaki.

Sauti aliyoitoa haikuwa ya mzaha.

Walipomfikia alikuwa ameketi, amekumbatia goti, uso umekuwa wa majivu. Makaa akamvua kiatu taratibu. Kifundo cha mguu kilikuwa kinavimba machoni pao, na hapo, kwa ujinga wa akili ya mtu aliyechanganyikiwa, Hamira akawaza kwamba kinaumuka vizuri. Akajichukia.

"Umevunjika?" akauliza.

"Sijui. Uliza mguu," Dereva akasema kwa meno yaliyokazwa. "Mimi nao hatuongei kwa sasa."

Makaa akajaribu kumbeba mgongoni. Huyu ni mtu aliyezoea kubeba gunia la unga kwenye kila bega, lakini gunia halipigi mayowe likitikiswa. Kwenye majani yanayoteleza, kwa hatua alizokuwa akipiga, giza lingewakuta palepale. Akamshusha.

Ukungu ulikuwa ukipita kati yao. Simu ya Mizani haikupata mtandao, aliinyanyua juu kama anayemulika, akaishusha.

"Mmoja ashuke akaite wale askari," Makaa akasema hatimaye. "Waje na machela. Mwenye mbio ni wewe, shemeji."

Hamira alikuwa ameshasimama kabla neno halijakwisha, na Mizani akaona. Aliona vizuri sana.

"Pongezi," akasema. "Umempeleka mtu shimoni, na sasa umepewa sababu nzuri ya kukimbia."

"Ulitaka nifanye nini? Nikae nimshike mkono?"

"Ningetaka angalau usifurahi."

"Sijafurahi!"

"Miguu yako imefurahi."

"Jamani," Dereva akasema kutoka chini, "mgombane nikifa. Hamira, nenda. Nenda, mshenzi wewe, na ukifika kwa yule mtoto mwambie mimi ndiye niliyekuchelewesha. Mimi nimezoea kusingiziwa."

Hamira alitaka kusema samahani. Neno lilikuja mpaka kwenye meno, likakuta kiburi kimekaa mlangoni, likarudi. Akavua sweta yake, akamtupia Dereva mapajani, akakimbia.

Alikimbia vibaya, kwa visigino, kwa makalio, kwa mikono. Matawi yalimchapa naye akayachapa. Alipoiona njia pana alilia kidogo, bila kujua kama ni kwa furaha au kwa aibu, na alipofika kwenye kibanda cha askari alikuwa hana pumzi ya kusema hata jina lake.

Askari walikuwa wawili, mrefu na mnene. Walimsikiliza, mnene akaingia ndani kuchukua machela na taa. Mrefu akauliza, "Wako wapi hasa?"

"Chini ya kona yenye jiwe kubwa. Jiwe kama gunia lililolala."

"Mlima huu una mawe kama magunia kila kona, kaka. Na ukungu huu! Mmetoka kwenye njia?"

"Kidogo."

"Basi twende utuonyeshe."

Gari lao lilikuwa hapo kando, lakini ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Dereva. Barabarani, pale pale mbele ya kibanda, pikipiki ilikuwa imesimama. Ilikuwa imemshusha abiria, injini ikinguruma, mwendeshaji akitazama huku na huku kama kuna anayerudi mjini. Hamira akaitazama. Angepanda sasa hivi, angefika mtoto akiwa bado anajifuta maji. Nani angemlaumu? Ameshatoa taarifa. Hawa ndio wenye mlima, hii ndiyo kazi yao. Alikuwa na majibu mazuri kama hayo mengi, yote yamepangwa mstari, na mguu mmoja ulikuwa umeshakanyaga lami.

"Kaka?" askari akasema. "Tunakwenda au hatuendi?"

Mwendeshaji akampigia honi fupi.

Hamira akatukana. Hakumtukana mtu yeyote. Aliutukana mlima, jabali lake, joto lake, na shavu lake mwenyewe. Kisha akageuka, akapanda mlima ule kwa mara ya tatu.

Askari walimfuata wakihema. Aliyapita mawe yasiyo na hesabu, kila moja likifanana na gunia, mpaka alipofika kwenye kona moja akaona majani yaliyolala, na alama ya kisigino chake kwenye udongo. Chini palikuwa na ukungu tu. Akaita. Kimya. Akaita tena mpaka koo likakwaruza.

Kutoka chini, upande wa kulia, ikaja sauti nene, ndefu, ambayo angeitambua hata kaburini: "Ondoaaaa!" Ndivyo Makaa anavyoita mikate inapoiva, ili trei zitoke motoni. Hakuwa mtu wa kutafuta maneno mapya.

"Pale," Hamira akasema, akinyoosha kidole. "Mmesikia? Pale pale."

"Tumesikia. Njoo basi."

"Hapana. Mimi naenda kumlaza mtoto."

Askari mrefu akamtazama kama mtu anayejiuliza iwapo amesikia vizuri. Hakupewa maelezo. Alipofungua mdomo, Hamira alikuwa ameshakuwa mlio wa mawe yanayobingirika chini ya njia.

Pikipiki, bila shaka, ilikuwa imekwenda. Akakimbia barabarani, akatembea, akakimbia. Taa za mji zilianza kuwaka moja moja kama watu wanaomsengenya. Mwishowe mwendeshaji mwingine akasimama kando yake.

"Bwana, unakimbizwa?"

"Nakimbiza."

"Unakimbiza nini?"

"Usingizi wa mtoto. Washa, twende."

Mke wake alimfungulia mlango kabla hajagonga. Alimtazama toka utosini mpaka miguuni: majani kichwani, suruali iliyochanika gotini, matope hadi kwenye masikio. Alitimiza ahadi yake, hakumsaidia hata neno. Alielekeza kwa kidevu tu chumba cha ndani.

Punje alikuwa kitandani, ameoga, amejifunika, mikono imekunjwa juu ya shuka kama hakimu.

"Umechelewa," akasema.

"Hujalala bado. Kwa hiyo sijachelewa."

Mtoto akalipima jibu. Likapita, kwa shida. "Haya. Nilaze."

Hapo ndipo Hamira alipogundua kwamba hajui. Njia nzima alikimbilia mlango huu, na hakuwahi kufikiria kilicho ndani yake. Akaketi ukingoni mwa kitanda. Akaanza hadithi ya sungura, sungura akapanda mlima, hakujua amshushe vipi. Akajaribu kuimba, Punje akasema hapana, mama haimbi hivyo. Akampapasa mgongo, mikono iliyozoea donge ikakandamiza, mtoto akasema, "Aa! Baba, mimi si mkate." Kila baada ya pumzi chache alitazama simu yake pale mezani. Wamemshusha Dereva? Mguu umevunjika? Mizani anasema nini juu yangu? Simu ilikaa kimya kama imekula njama nao.

Punje alimtazama akifanya yote hayo. Akaketi.

"Baba, hujui kulaza."

"Sijui," Hamira akasema. Lilikuwa neno ambalo siku hiyo nzima halikutoka kwenye mdomo wake.

"Mimi najua. Lala."

Akatoka kitandani, akamsukuma kwa mikono yote miwili mpaka akalala chali. Akavuta pazia, ingawa nje kulikuwa na giza tayari na hapakuwa na jua la kuzuia. Akavikusanya viatu vya matope, akaviweka nje ya mlango, vidole vikitazama ukutani. Akamfunika shuka fupi lililoishia magotini. Mama alitokea mlangoni, akacheka, na Punje akamgeukia na kidole mdomoni, amekasirika kweli: "Shh! Baba analala." Alikuwa ameifanya kazi hii, au ameiona ikifanywa, kila siku ya maisha yake, mchana baada ya mchana, katika nyumba ambayo watu hutembea kwa ncha za vidole. Hakujua namna nyingine ya kulaza mtu.

Hamira akafumba macho. Hakuwa na usingizi hata chembe, aliumaliza wote juu ya jabali. Mwili wake wote ulikuwa ukimwambia sasa ni wakati wa kazi, inuka.

Simu ikaanza kutetemeka mezani.

Akajua ni Makaa. Akakaza misuli kuinuka, na papo hapo akasikia miguu midogo ikikimbia, ikaifikia simu kabla yake.

"Halo," Punje akanong'ona. "Baba amelala. Piga jioni."

Ndivyo alivyofundishwa kuwajibu wote wanaopiga mchana. Sauti nene ikasikika kwa mbali ndani ya simu, ikicheka kwanza, kisha ikisema jambo refu. Hamira akatega masikio mpaka yakauma. Hakupata hata neno.

"Shikamoo mjomba... Eeh... Eeh." Kimya kirefu. "Pole yake." Kimya tena. "Na shangazi Mizani amesema hivyo? Sawa... Hapana, siwezi kumwamsha, mjomba, amechoka sana. Nitamwambia akiamka."

Akakata. Akairudisha simu mezani, taratibu, uso chini. Kisha akapanda kitandani, akajibana kando ya baba yake, macho wazi, akimlinda.

Hamira alilala pale bila kutikisika, moyo ukimpiga kama anapanda mlima kwa mara ya nne. Kufumbua macho tu, angejua. Kufumbua macho tu, na kazi yote ya mtoto ingeharibika.

Mama akachungulia tena. "Mjomba amesemaje?" akanong'ona.

"Nyamaza, mama," Punje akasema. "Ndiyo kwanza usingizi unamchukua."